Jiwe Linaloumuka

Semdoe amechimba maduara kumi na tisa
kando ya mto Umba, na kila duara lina jina lake:
Ada ya Shule. Bati. Deni la Dukani.
La mwisho hakulipa jina. Alichoka.

Ananimiminia kiganjani alichobakiza:
punje sita za yakuti, rangi ya chai ya rangi iliyopoa.
"Soma," ananiambia,
kama mtu anayempa karani barua
ya ndugu aliyehama zamani.

Nasoma. Hizi nne zimeviringana,
zimesafiri; mto umezilamba
hadi zikasahau zilizaliwa na pembe ngapi.
Lakini hizi mbili bado zinakwaruza ngozi.
Kito chenye makali hakijafika mbali na kwao.

Basi tulipanda na mto siku tatu, chekeche begani,
tukiuhoji mchanga kila baada ya hatua mia.
Mchanga mweusi, ndiyo. Punje nyekundu, ndiyo.
Tulipopita mdomo wa korongo, hapana.
Hapana tena. Hapana mpaka jioni.
Tukarudi, tukaingia korongoni,
nalo likatufikisha kwenye udongo mwekundu
likanyamaza, kama shahidi
aliyegundua kuwa hakimu ni shemeji yake.

Udongo unajua kuficha. Mwamba haujui,
unajua kuinama tu.
Nikaweka dira juu ya kila jiwe lililochomoza:
huku matabaka yameinamia mashariki, nyuzi arobaini;
kule, ng'ambo ya shamba la mihogo, yameinamia magharibi.
Nikatwaa mkeka wa Semdoe, nikausukuma pande zote mbili,
ukainua mgongo katikati.
Hivi ndivyo Kalalani ilivyosukumwa
kabla ya mto, kabla ya jina la mto.
Na pale mgongoni, mkeka unapolia,
ndipo nyufa zilipofunguka,
ndipo mwamba mweupe, ungali uji wa moto,
ulipopanda ukaupenya mwamba wa kijani.
Wa kijani ukaunyonya mweupe, ukaunyonya,
hadi ukakosa cha kutengenezea jiwe la kawaida,
ikabidi utengeneze yakuti.

"Kumbe ni umaskini uliozaa kito?"
"Ndiyo."
"Basi kwangu pangejaa."

Nikauchora mgongo huo kwa penseli.
Penye ushahidi, mstari mzima.
Pasipo na ushahidi, vidoti.
Vidoti vilikuwa vingi.

Usiku ule sufuria ilipinduka, ugali ukiwa bado uji.
Nakijwa, mke wa Semdoe, akalipiga teke figa la tatu:
"Jiwe gani hili, linaumuka kama andazi!
Wiki nzima linanipindulia chakula."
Nikapiga magoti majivuni, tochi mdomoni.
Jiwe lilikuwa limetoa minyoo ya shaba,
magamba membamba yaliyofura kwa joto na kujinyonganyonga:
mika ile, mtoto wa mpakani,
ile isiyoota ila pale
wa kijani ulipogusana na mweupe.

"Umelitoa wapi?"
Akanitazama kama niliyeulizia kifuniko cha chungu.
"Nyuma ya zahanati. Walipochimba shimo la choo."

Nikaikunjua ramani chini ya koroboi.
Vidoti vyangu vilikuwa vimekoma
hatua arobaini kabla ya zahanati.
Ningependa kusema nilikuwa na sababu.
Jua lilikuwa kali, na mbwa wa mganga alibweka.

Semdoe alikaa kimya muda mrefu,
akiligeuzageuza figa kwa kijiti kana kwamba litauma.
"Duara la ishirini," akasema mwishowe,
"tutaliitaje?"

Nakijwa alikuwa akikwangua uji sakafuni.
"Choo cha Serikali," akajibu,
"na kibali mkaombe wenyewe."

Nikaongeza vidoti vitatu.
Nikafuta kimoja.